Stempu na onyo kwenye pakiti moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu sigara, na kwa nini naona uuzaji wake ukomeshwe hatua kwa hatua.

Marehemu kaka yangu alianza kuvuta akiwa na miaka 16, akafariki na 58. Miaka miwili ya mwisho nilimuuguza mimi. Daktari alituambia vifuko vya hewa kwenye mapafu vimeharibika na havitengenezeki tena. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akijilaza pumzi zinakata. Kutoka kitandani hadi bafuni ni hatua kumi na mbili, nilizihesabu, naye alisimama mara mbili njiani ameshika ukuta. Siku moja nikibadilisha foronya, nikakuta sigara imefichwa ndani, na mtungi wa oksijeni uko pembeni! Nilimgombeza, nikamwambia atatuunguza sote. Akasema, "Mdogo wangu, nainusa tu."

Baada ya msiba nilikuta pakiti yake tupu kwenye koti. Ubavuni imeandikwa kwamba uvutaji unaua, na juu ya kifuniko imebandikwa stempu ya ushuru. Onyo ni agizo la serikali, stempu ni ya serikali. Mimi nikiuza dawa ya mafua yenye maandishi "hii inaua", silali nyumbani siku hiyo.

Wala si kwamba wakubwa hawajui. Watafiti walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu tangu 1950. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe, walivutishwa moshi wa wenzao. (Shemeji yangu anakohoa hadi leo, na hajawahi kushika sigara.)

Tunaambiwa sigara zikipigwa marufuku kodi itapotea. Hiyo kodi haikununua hata mtungi mmoja wa kaka, tulichanga wanandugu. Tunaambiwa pia wakulima watakula wapi. Hoja hiyo naiheshimu, ila mkulima huyohuyo akichuma majani yaliyolowa umande, nikotini hupenya kwenye ngozi akaanza kutapika na kizunguzungu. Apewe zao jingine na soko lake, ndipo tuzungumze.

Hoja ya magendo ndiyo yenye uzito, sikatai. Bhutan walipiga marufuku uuzaji mwaka 2004, magendo yakashamiri, na mwaka 2021 wakalegeza. Kwa hiyo sisemi maduka yafungwe kesho na wazee waliokwishanaswa waachwe wakitetemeka. Ninachoomba ni kile walichofanya Maldives mwaka 2025: aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2007 hauziwi tumbaku, leo wala akiwa na miaka 60. New Zealand nao walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2022, serikali mpya ikaifuta 2024 kabla kizuizi hicho hakijaanza. Woga huo ndio ninaouogopa hapa kwetu.

Kaka ameacha mtoto wa kiume wa miaka 15. Juzi nikifua suruali yake nilikuta kiberiti mfukoni. Nilipomuuliza, akasema ni cha kuwashia jiko.

Jiko letu halitumii kiberiti.

Ni mimi, msomaji wako wa siku nyingi