Zuhura, nitafutie ile picha pana

Kampala, Jumanne usiku

Zuhura ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Mama namwamkia sana, mwambie dawa yake ya mguu nimeipata na inakuja wiki hii. Huku wazima, ila umeme hautulii, kwa hiyo naandika mbio kabla kompyuta haijazima.

Ni zile picha zako za bigwala, mabaragumu ya vibuyu ya kwenu Busoga. Zimeninyima usingizi.

Nilikwambia nimepewa kurasa za 14 na 15, nikafurahi kama mtoto. Jarida lina kurasa 28 na linapigwa pini katikati, kwa hiyo 14 na 15 ni karatasi moja iliyotandazwa. Picha unaipitisha pale bila hofu. Jana mhariri kanipigia: nafasi ile imeuzwa kwa tangazo, tuhamie 8 na 9. Kwake ni namba tu zimebadilika. Lakini ukurasa wa 8 unachapwa karatasi moja na wa 21, na wa 9 unachapwa na wa 20. Hizo mbili zinakutana siku ya kukunjwa, na karatasi ikisogea milimita moja, bega la mtu linapanda juu ya bega lake mwenyewe.

Na pale mkunjoni ndipo aliposimama yule mzee wa katikati. Nilichapa nakala hapa ofisini, nikakunja, nikapiga pini, nikafungua kama atakavyofungua msomaji. Jicho moja liko ukurasa wa 8, la pili wa 9, pua haipo. Lile shavu lililojaa pumzi, ulilolisubiri asubuhi nzima ukiwa umepiga magoti kwenye vumbi, limemezwa.

Mhariri ananiambia wapigaji ni watano, wakionekana wanne inatosha. Haitoshi! Ndiyo habari yenyewe hiyo. Kila baragumu la kibuyu lina sauti moja tu. Huyu anapuliza ananyamaza, mwenzake anadakia, wa tatu anapokea, na wimbo unapatikana kwa kupokezana. Mtoe mmoja, wimbo umetoboka. Makala yenyewe inaeleza jinsi yalivyopigwa Kyabazinga, mfalme wa Busoga, akitawazwa na akizikwa, na kwamba mwaka 2012 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi unaotaka kulindwa kwa haraka kwa sababu mafundi wake wazee walikuwa wamebaki wachache mno. Halafu mimi nimfiche mmoja wao ndani ya mkunjo?

Nimejaribu kila njia. Nikiisogeza picha kushoto mkunjo upite kati ya wa tatu na wa nne, yule wa kwanza anakatwa mkono, maana lazima niache milimita 3 za kisu cha matbaa kila upande. Nikiipunguza iingie ukurasa mmoja, vibuyu vinakuwa vidogo kama njugu. Kijana mmoja hapa alinishauri niigeuze kama kwenye kioo. Nimekataa, kwa sababu mpiga ngoma wa pembeni angegeuka wa mkono wa kushoto, na watu wa Busoga wangejua mara moja.

Maneno nayo yana shughuli yake. Safu nilizopanga ni nyembamba, na unajua vitenzi vyetu: "wanapokusanyika" peke yake inakaribia kujaza mstari. Nikinyoosha kingo zote mbili, mashimo meupe yanatiririka katikati ya aya. Programu nayo haijui Kiswahili, inakata "nyim-bo" badala ya "nyi-mbo". Nimeamua ukingo wa kulia ubaki huru, na silabi nizikate kwa mkono. Hilo nitalimaliza mwenyewe.

Picha ndiyo siwezi bila wewe. Uliyonitumia WhatsApp imebanwa, ina pikseli 1,600 kwa upana. Kurasa mbili zikifunguliwa ni milimita 420, na kuchapa vizuri nahitaji kama 5,000. Hii ya WhatsApp ingenipa nukta kama 97 kwa inchi badala ya 300. Nyuso zingetoka kama zimetazamwa kupitia chandarua. Nahitaji faili halisi kutoka kwenye kamera. Na kama ipo, nitafutie ile uliyopiga ukiwa umerudi nyuma, nadhani mwembe unaonekana upande mmoja. Mwembe ule ungenipa pa kuwasogezea wote watano, mkunjo upite kwenye nafasi iliyo wazi, na kichwa cha habari kikae kwenye kivuli chake.

Weka yote kwenye flashi, ifunge kwenye bahasha, mpe dereva wa takisi ya asubuhi ya Jinja, yule wa Sauda. Nitampokea stendi mwenyewe. Ijumaa saa sita mchana faili liko Nasser Road kwa wachapaji.

Je, mwembe upo kweli au nimeuota? Kati ya mzee wa tatu na wa nne kuna nafasi ya kiganja, au wamebanana? Majina yao uliyaandika kwa mpangilio waliosimama? Nataka yote matano chini ya picha, kila jina chini ya mwenye nalo. Na yule wa katikati, bado anapuliza, au kile kifua kimemrudia? Nijibu hata usiku.

Ndugu yako,
Mwanaisha