Nimepoteza Jicho Ndani ya Daladala, Mwenye Gari Anasema Dereva Alikuwa Deiwaka

Mheshimiwa wakili, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Mbagala na kazi yangu ni ushonaji. Nakuandikia nikiwa na karatasi mezani ambayo natakiwa kuisaini Alhamisi ijayo. Kabla sijaweka jina langu hapo nataka mtu anayeijua sheria aniambie ninachokiacha nikiisaini.

Ilikuwa Machi 2023, asubuhi. Nilipanda daladala Rangi Tatu kwenda Kariakoo kuchukua vitambaa na vifungo. Ramadhani ilikuwa mlangoni na nilikuwa nimeshapokea pesa za watu kwa ajili ya nguo za Idi. Nilikaa siti ya dirishani, upande wa kushoto. Kwenye Barabara ya Kilwa dereva alikimbizana na daladala mwenzake tangu tunatoka, abiria tukapiga kelele, konda akatuambia anayeogopa mbio akapande teksi. Kufika maeneo ya Mtongani akaovateki lori la kontena, kisha akachomekea mbele yake kabla hajalimaliza. Lori likatugonga ubavuni. Kioo cha dirisha langu kikapasuka chote.

Nilihisi kama nimerushiwa mchanga wa moto usoni. Nikapeleka mkono nijifute, mama aliyekaa pembeni yangu akaudaka. "Usilisugue, dada, usilisugue!" Akanifunika kwa kanga yake bila kukandamiza. Daktari aliniambia baadaye kwamba yule mama alifanya jambo la maana sana, maana jicho lililochanwa ukilisugua au kulibana, vilivyomo ndani hutoka. Namba yake ya simu ninayo hadi leo, ingawa sasa amehamia Lindi.

Polisi walinipa PF3, ile fomu yao ya majeruhi kupata matibabu, nikapelekwa hospitali ya Temeke, na kutoka hapo nikapewa rufaa kwenda Muhimbili. Kipande cha kioo kilikuwa kimekata jicho la kushoto mbele, kwenye ile sehemu angavu inayofunika mboni, kikaingia hadi ndani. Walinishona usiku uleule. Baada ya miezi minne nikarudi kufanyiwa operesheni nyingine, kwa sababu lenzi ya jicho ilishapata ukungu, mtoto wa jicho anayeletwa na ajali. Walipoitoa wakakuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo imechanika. Leo jicho hilo linaona mwanga tu. Mtu akipita mbele yangu naona kivuli, sijui ni nani.

Nieleze na hili, kwa sababu watu wakiniona natembea sokoni wanadhani nimepona. Jicho moja halikupi umbali wa kitu. Nikimimina chai naweza kuimwaga pembeni ya kikombe huku nikiamini ipo ndani. Bodaboda ikitokea kushoto siioni mpaka ishanipita. Na sindano ndiyo imenimaliza. Naushika uzi, naulowesha, naukaza ncha, nausogeza kwenye tundu, nauona kabisa umeingia, nauvuta kwa upande wa pili, mkono unatoka mtupu. Uzi umepita mbele ya sindano au nyuma yake. Naanza tena. Binti yangu wa darasa la sita, kabla hajaenda shule, ananitungia sindano kumi za mkono na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, kisha anaitunga na ya cherehani. Ile ya cherehani uzi ukikatika saa nne asubuhi, nasubiri mteja au jirani apite nimuombe. Zamani Desemba na Januari nilikuwa nashona sare za shule usiku kucha pamoja na vijana wawili. Sasa vijana wameondoka, ovaloki nimeiuza, na nimebaki na kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Nina daftari, mheshimiwa. Daftari la vipimo, miaka sita, kila mteja jina lake, kifua, kiuno, urefu, bei tuliyokubaliana na alichotanguliza. Ukifungua kurasa za kabla ya Machi 2023 zimejaa mpaka pembeni. Za baada ya hapo utaona mwenyewe. Sina risiti za mashine wala hesabu za benki. Naomba uniambie kama mahakama inaweza kulipokea daftari kama hilo kuonyesha nilichokuwa napata, au wataliona ni makaratasi ya fundi tu. Nauliza hivyo kwa sababu kaka mmoja anayejishughulisha na mambo ya madai aliniambia bila hati za mapato nitalipwa gharama za hospitali peke yake.

Sasa nije kwenye kesi. Dereva alifikishwa mahakamani kwa kuendesha gari kwa uzembe. Mimi sikuitwa. Nilikuja kusikia baada ya wiki kadhaa kwamba alikiri kosa, akalipa faini, akaondoka. Faini ile iliingia serikalini, na mimi niliyekuwa wodini sikujua hata siku ilipotajwa. Nilipokwenda kuuliza haki yangu iko wapi nikaambiwa ile ilikuwa kesi ya jinai, nikitaka fidia nifungue madai yangu mwenyewe. Kwa hiyo naomba kujua: lile kukiri kwake linanisaidia kwenye madai, au natakiwa nithibitishe uzembe upya kuanzia mwanzo? Na nakala ya hukumu naweza kuiomba mimi ambaye sikuwa upande wowote wa kesi ile?

Dereva mwenyewe hana kitu. Kijana mdogo, alinijia nyumbani akalia, nami nilishamsamehe kwa Mungu. Nilimfuata mwenye gari. Ni mtu wa huku huku Mbagala, ana daladala tatu. Jibu lake tangu siku ya kwanza halijabadilika: yule si dereva wangu, alikuwa deiwaka, yaani dereva wa kushikia tu; dereva niliyemkabidhi gari ni mwingine na ndiye aliyempa mwenzake bila kunieleza. Kwa hiyo, anasema, niende nikamdai huyo deiwaka.

Hapa ndipo moyo wangu unapokataa. Sisi tunaopanda daladala kila siku tunajua maisha yake. Dereva akichoka anampa deiwaka azungushe tripu mbili tatu, kituo kizima wanajua, na wenye magari wanajua. Siku ile ile ya ajali, dereva aliyekabidhiwa gari alimpelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu (pesa za siku) ya jana yake, na katika hiyo hesabu kulikuwa na tripu za huyo huyo deiwaka. Konda ameniambia kwa mdomo wake kwamba kijana yule alikuwa akiendesha gari hilo karibu miezi miwili. Tajiri alipokea pesa miezi miwili bila kuuliza nani kaileta. Hivi sheria inamruhusu mtu ale hesabu ya deiwaka kisha aikane ajali ya deiwaka? Na konda akigoma kuja kusema hayo mbele ya hakimu, maana bado anatafuta riziki kwenye magari ya huyo huyo tajiri, nifanyeje?

Nikageukia bima. Najua kwamba kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, na kwenye ripoti ya polisi namba ya stika na jina la kampuni vimeandikwa. Nilikwenda ofisini kwao mara nne. Mara ya nne nikapewa barua: dereva alikuwa na leseni ya daraja D, ambayo ni ya magari ya kawaida, na gari la abiria linataka daraja C, hivyo masharti ya mkataba yamevunjwa na wao hawahusiki. Nikasoma barua ile mara mbili kwenye benchi la nje. Mkataba ni wao na mwenye gari. Mimi nilipanda, nikalipa nauli, nikakaa. Abiria gani hapa Dar es Salaam anamuomba dereva leseni asome herufi kabla hajampa konda nauli? Kama masharti yale yanaweza kutumika dhidi yangu, basi bima hiyo inamlinda nani? Nimesikia ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapa hapa mjini. Je, inapokea na malalamiko ya mtu kama mimi ambaye si mteja wa kampuni, au ni ya waliokata bima tu?

Shemeji yangu alinishauri niende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana safari yangu ilikuwa ya kikazi. Nikaelezwa vizuri tu kwamba mfuko ule, uliowekwa na sheria ya 2008, ni wa mtu aliyeajiriwa ambaye mwajiri wake anamchangia. Mimi najiajiri. Mlango huo nimeshaufunga, nautaja ili usipoteze muda kunielekeza huko.

Basi tumefika kwenye karatasi. Mwezi uliopita wazee wawili wa mtaa walikuja nyumbani pamoja na mdogo wake mwenye gari. Walikaa kwa adabu, wakasema jambo hili limekuwa la muda mrefu, sisi ni majirani, tulimalize kwa wema. Mwenye gari atatoa shilingi 2,500,000. Karatasi inasema nimepokea fedha hizo "kama fidia kamili na ya mwisho" na kwamba mimi na warithi wangu hatutamdai yeye, dereva wala kampuni ya bima sasa wala baadaye. Nashangaa kwa nini kampuni ya bima iliyosema haihusiki imetajwa humo.

Operesheni mbili, dawa, nauli na miwani vimenigharimu zaidi ya shilingi 3,900,000. Sehemu kubwa nilikopa kwenye kikoba, na wenzangu wamenivumilia mno. Risiti ninazo zote kwenye mfuko wa nailoni, zingine maandishi yameanza kufutika, na naomba unishauri kama nizitoe kopi na kuzigongesha muhuri mapema.

Tena kuna jambo ambalo wazee wale hawakulifikiria. Daktari ameniambia jicho lile linaweza kusinyaa na kuanza kuuma, na likifika huko litatolewa niwekewe la bandia. Amenionya pia kwamba jicho likijeruhiwa vibaya namna hii, yapo matukio machache ambapo lile zima nalo huvimba na kuugua, hata baada ya miaka, kwa hiyo nihudhurie kliniki bila kukosa na nikiona ukungu au mwanga unaniumiza nikimbie siku hiyo hiyo. Hilo jicho la kulia ndilo nililobaki nalo. Nikisaini "ya mwisho" leo, na mwaka kesho kutwa nikahitaji operesheni, nitakwenda kwa nani? Sheria inaruhusu kudai gharama ambazo bado hazijatokea lakini daktari ameziandika?

Baba watoto anataka nisaini. Simlaumu. Kodi ya nyumba inadaiwa miezi mitatu, yeye ni kibarua bandarini, na ameniona nikizunguka maofisini mpaka viatu vimeisha. Anasema, "Mke wangu, chukua kilichopo, mahakama ni ya wenye pesa." Kaka yangu anasema nikisaini nimeuza jicho kwa bei ya cherehani mbili. Wote wawili wananipenda, na mimi nipo katikati yao silali.

Mawakili wawili nimewaona. Wa kwanza alitaka shilingi 1,000,000 kabla hajafungua faili. Wa pili akasema atafanya bila malipo ya kuanzia lakini achukue asilimia 40 ya kitakachopatikana, tena tuandikishane papo hapo. Nikaogopa. Najua ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo, na kwenye kata yetu yupo msaidizi wa kisheria, dada mwema, ila ameniambia wazi kwamba yeye hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yangu. Naomba unielekeze nianzie wapi ili nipate wakili kwa njia hiyo, na niende na nyaraka zipi mkononi.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni muda. Yule dada wa kata ameniambia madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Machi 2026 inatimia. Huenda mwenye gari naye anaijua hesabu hiyo, ndiyo maana kila nikimfuata alikuwa ananiambia "subiri, mama, tutaongea". Je, mazungumzo haya ya wazee yanasimamisha hiyo miaka mitatu, au saa inaendelea kukimbia huku sisi tunakunywa chai sebuleni? Na nikiwaomba Alhamisi waniongeze wiki mbili, nitakuwa nimejiharibia?

Ukiona jibu lako litachelewa kuchapishwa, tafadhali nijibu hili moja kwanza: nikipokea zile fedha kwa kuandika kwamba ni sehemu ya gharama za matibabu tu, bila yale maneno ya "kamili na ya mwisho", nitakuwa bado na haki ya kuwadai? Kama inawezekana, niandikie hayo maneno yanavyotakiwa yasomeke. Nitayanakili kwa mkono wangu na kuwapa wazee wakija.

Wako katika shida,
Mama Fundi, Mbagala