Mchoro wa mfumo wa chakula umeyasahau maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niongeze jambo moja kwenye makala ya ukurasa wenu wa elimu iliyoeleza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula wa binadamu. Makala ilikuwa nzuri, na mchoro ulioambatana nayo ulikuwa safi kuliko ile iliyomo katika vitabu vingi vya shule: kinywa, umio, mfuko wa tumbo, ini, kongosho, utumbo mwembamba na utumbo mpana vyote vilikuwa mahali pake, na mishale ilionyesha vizuri jinsi tonge linavyoshuka hadi mabaki yanapotoka. Kasoro yake ni kwamba mishale yote ilikuwa ya chakula. Hapakuwa na hata mmoja wa maji, ilhali kinachopita katika njia hiyo kwa siku nzima ni maji zaidi kuliko chakula. Kwa msomaji wa mahali pengine huenda upungufu huo ni mdogo. Kwetu Kigoma, ambako mvua zikikolea watu wa mialoni huanza kuulizana kama kipindupindu kimeshaingia, ni upungufu mkubwa, kwa sababu mgonjwa wa kuharisha anayefariki ndani ya siku moja hauawi na njaa. Anauawa na upotevu wa maji na chumvi.

Tuchukue mlo wa kawaida wa huku, ugali wa muhogo kwa mgebuka uliopikwa kwa mawese. Kabla tonge halijamezwa, tezi za mate zimekwisha kulilowesha kwa mate yenye kimeng'enya cha amilasi, ambacho huanza kuukata wanga kuwa sukari. Kwa siku moja mate hayo hufika takribani lita 1.5, nasi huyameza bila kujua. Umio, mrija wa sentimita 25 hivi, haumeng'enyi wala haunyonyi chochote, kazi yake ni kusukuma tu. Katika mfuko wa tumbo humwagika lita 2 hivi za majimaji yenye asidi haidrokloriki na kimeng'enya cha pepsini, ambacho huanza kuivunja protini ya samaki. Rojo linalotoka hapo ni kali, na lingeudhuru utumbo mwembamba kama kongosho lisingemwaga lita 1.5 hivi za majimaji yenye bikaboneti ya kulipoza, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini nalo huleta nyongo, nusu lita au zaidi, na bila nyongo mawese yangebaki matone makubwa yasiyoshikika na vimeng'enya, na ule wekundu wake, ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A, ungetoka pamoja nayo bila faida. Kuta za utumbo mwembamba zenyewe huongeza lita nyingine 1.5 hivi. Ukijumlisha na lita 2 ambazo mtu mzima hupata kwa kunywa na kula, unafika lita 9 kwa siku.

Hapo ndipo mwanafunzi makini anapaswa kunyoosha mkono na kuuliza: lita hizo 9 huenda wapi, ikiwa kinyesi cha mtu mwenye afya hubeba takribani mililita 100 hadi 200 tu za maji? Jibu ni kwamba karibu zote hurudishwa katika damu, na mrudishaji mkuu ni utumbo mwembamba, ambao huchukua zaidi ya lita 7, kisha utumbo mpana humalizia sehemu kubwa ya kilichobaki. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, lakini uwezo wake hautokani na urefu peke yake. Ukuta wake wa ndani umekunjwa, na juu ya mikunjo hiyo vimeota vijidole vya nyama visivyozidi milimita moja, na juu ya kila seli ya vijidole hivyo vimo vijinywele vingine visivyoonekana ila kwa hadubini. Vitabu vingi vya shule bado vinasema kwamba eneo hilo lote likikunjuliwa linatosha uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Uswidi mwaka 2014 vililipunguza hadi mita za mraba 30 hivi, nami naona hata hizo ni nyingi mno kwa kitu kilichofichwa chini ya kitovu. Kidole tumbo nakiruka, kwani hakina nafasi katika hoja yangu.

Sasa nije kwenye kiini. Maji hayana nguvu ya kujiendea yenyewe kutoka utumboni kuingia katika damu, huifuata chumvi. Seli za utumbo zikivuta sodiamu, maji huja nyuma yake. Zikitoa chumvi, maji nayo hutoka nayo. Miongoni mwa njia ambazo sodiamu hupitia kuingia ndani ya seli, ipo moja iliyo mfano wa mlango usiofunguka kwa mtu mmoja: sodiamu haipiti hapo mpaka ifuatane na sukari ya glukosi, na glukosi nayo haipiti bila sodiamu. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu wa baiokemia wa Marekani, Robert Crane, katika mkutano uliofanyika Prague mwaka 1960, na wakati huo lilionekana kuwa habari ya maabara tu.

Umuhimu wake unaonekana ukitazama kipindupindu kinavyofanya kazi. Bakteria wake, Vibrio cholerae, hawali utumbo wala hawaingii katika damu. Hushikamana na ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayozilazimisha seli kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma, na maji ya mwili yanafuata. Utumbo mpana hujitahidi kuyarudisha, lakini uwezo wake ni lita 4 au 5 kwa siku, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Ndiyo maana kinachotoka hakina tena sura ya kinyesi, bali hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Hata hivyo, sumu hiyo haiugusi ule mlango wa chumvi na sukari. Mlango hubaki mzima wakati wote wa ugonjwa, ukisubiri tu vitu viwili vije pamoja kwa kipimo kinachofaa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari wa Kihindi Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, mji wa India ulio karibu na mpaka, akihudumia wakimbizi wenye kipindupindu, na dripu zilimwishia. Aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji safi na kuwaagiza ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikifikia asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la tiba la Uingereza, Lancet, liliandika kwamba huenda hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile, na ni vigumu kulipinga.

Kwetu historia hiyo haiko mbali. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwalete Kigoma mjini. Kipindupindu kiliwakuta hapo, watu wapatao 3,000 wakaugua na 30 hivi wakafariki. Idadi ya waliofariki inauma, lakini ukiilinganisha na ya waliougua utaona kazi iliyofanywa na maji yenye chumvi na sukari, pamoja na dripu kwa waliozidiwa. Niongeze kwamba uangavu wa ziwa letu, ambao wageni huusifu na sisi wenyeji huutegemea tukichota maji ya kunywa, hautuambii chochote kuhusu bakteria, kwa kuwa hawaonekani kwa macho.

Nimesukumwa kuandika, Mhariri, na jambo nililolishuhudia Kibirizi msimu wa mvua uliopita. Mtoto wa jirani alikuwa akiharisha tangu alfajiri, midomo imekauka, na kikombe cha maji kilikuwa kimewekwa mbali naye kwa makusudi. Nilipouliza sababu, bibi yake, mama mzima anayeheshimika, muuza mawese, alinijibu bila kukasirika: "Mwalimu, mimi nimelea watoto na wajukuu. Huyu ukimpa kikombe kimoja anatoa viwili." Ningependa wataalamu wetu wa afya walizingatie jibu hilo kabla ya kulipuuza, kwa maana bibi huyo alikuwa ameona sawasawa. Maji ya ORS, yaani ule mchanganyiko wa chumvi na sukari, hayapunguzi wingi wa kinachotoka katika kipindupindu. Mgonjwa huendelea kuharisha saa nyingi akiwa anakunywa. Kisichoonekana kwa macho ni kwamba vile vikombe viwili vingetoka hata kama kile kimoja kisingenyweka, na kwamba sehemu kubwa ya kilichonyweka imekwisha kuingia katika damu huku nyingine ikitoka. Yule mama hakukosa upendo wala akili. Alikosa mtu wa kumwonyesha mishale ya maji. Tulipomweleza, alichukua kijiko mwenyewe, akawa anamnywesha mjukuu wake kidogo kidogo, na mtoto alipotapika alingoja dakika 10 hivi akaendelea polepole zaidi, kama inavyotakiwa.

Kipimo chenyewe kinajulikana, lakini kila mtu hukikumbuka kwa namna yake, na kukosea kuna madhara. Pakiti moja ya ORS ya gramu 20.5 ni ya lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, si ya glasi moja, na mchanganyiko ukishapita saa 24 humwagwa. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, hutiwa katika lita moja ya maji. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na ndiyo sababu soda, ambayo wengi huwanunulia wagonjwa kwa huruma, inaweza kuongeza kuharisha. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, aliyemzidi umri hadi miaka 10 hupewa mara mbili ya hapo, na mkubwa hunywa kadiri anavyoweza. Kunyonya na kula kuendelee, kwa kuwa seli za utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, nazo zinahitaji lishe kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo pia Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mwaka 2004 kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajafikisha miezi 6. Mgonjwa ambaye macho yameingia ndani, hakojoi, amelegea, au ngozi yake ikifinywa inachelewa kurudi, asicheleweshwe nyumbani. Apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Lipo jambo jingine ambalo anayeujua mfumo huu angelitambua mwenyewe. Asidi ya tumboni si adui, kama matangazo mengi yanavyotufanya tuamini. Ndiyo huua sehemu kubwa ya bakteria wa kipindupindu kabla hawajafika utumbo mwembamba, na mtu ambaye asidi yake imepungua huambukizwa kwa idadi ndogo zaidi ya bakteria. Wenye vidonda vya tumbo wanaomeza vidonge vya kupunguza asidi kila siku kwa ushauri wa daktari waendelee navyo, ila wawe waangalifu maradufu na maji ya kunywa nyakati za mlipuko. Wanaovitafuna kama karanga kila wanapovimbiwa wafikirie upya.

La mwisho linawahusu wenye maduka ya dawa muhimu. Nimesimama mara nyingi kwenye foleni na kusikia mteja akiomba dawa ya kufunga kuharisha, akapewa bila kuulizwa umri wa mgonjwa, na pengine akaongezewa flajili. Flajili ina kazi yake kwa amiba na jiadia, lakini kwa kipindupindu haifanyi lolote. Dawa ya kufunga nayo hupunguza mwendo wa utumbo tu. Haizizuii seli kumwaga maji, kwa hiyo maji yanaendelea kutoka katika damu na kujikusanya tumboni, nyumbani wakidhani mgonjwa amepata nafuu kwa vile haendi tena chooni. Kwa watoto wadogo dawa hiyo haifai kabisa. Ningewaomba wauzaji hao, kabla hawajanyoosha mkono kwenye rafu hiyo, wamuulize mteja kama nyumbani kwake kuna ORS na zinki, na kama hakuna, waanze na hizo.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Mwanga, Kigoma.