Kidonda cha mbwa kinadanganya

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha sindano. Naandika kuhusu watu waliong'atwa na mbwa na kuhitaji kinga ya kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi vinavyobebwa na mate ya mbwa, maana tunawapoteza njiani huku kila mmoja wetu akidhani keshamaliza kazi yake.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliletwa mtoto wa miaka sita, kang'atwa shavuni. Mama yake hata hakukaa. "Sista, chanjo ipo?" Nikamjibu ipo, lakini tuanzie kwenye bomba. Aliniona nampuuza. Dakika 15 za sabuni na maji yanayotiririka, mtoto analia, foleni nje inanung'unika. Kumbe walikuwa wameshapitia kituo kingine, wakafungiwa bendeji nyeupe, safi kabisa, wakaandikiwa rufaa. Chini ya bendeji hiyo hakuna aliyekuwa ameosha kitu. Damu ilikuwa imegandia pale pale pamoja na mate ya mbwa.

Jeraha kama lile linataka pia sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, inayochomwa ndani ya kidonda na pembeni yake, kwa kuwa mwili huchukua kama wiki moja kujenga kinga kutokana na chanjo. Siku hiyo hatukuwa nayo. Nikamwanzishia chanjo hivyo hivyo, kwani kuikosa kingamwili si sababu ya kuichelewesha, kisha nikashika simu. Ilipatikana Alhamisi. Ingechelewa kupita siku ya 7 tangu dozi ya kwanza, isingekuwa na maana tena.

Hao ni wanaokuja. Wapo wasiokuja kabisa kwa sababu ni mkwaruzo tu, au mbwa ni wa nyumbani. Na wapo wanaoogopa sindano za tumboni walizosimuliwa na wazee. Jamani, hizo ziliachwa zamani! Siku hizi tunachoma mkononi, karibu na bega.

Kinachoniumiza zaidi ni daftari langu. Ratiba yetu ni sindano nne: siku anayofika mgonjwa, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Safu ya kwanza imejaa majina na tiki. Ya nne ina mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Nikipiga simu naambiwa, "Sista, kidonda kilishapona." Ni kweli kimepona. Lakini virusi havingoji kidondani, vinafuata mishipa ya fahamu taratibu hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, na dalili zikishaanza hatuna dawa ya kumrudisha mtu.

Wakuu wa vituo, wekeni sabuni kwenye kila bomba, na mpeni muuguzi muda wa maongezi wa kuwapigia wagonjwa. Mimi natumia wangu. Vituo jirani navyo viambiane nani ana kingamwili kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Yule mtoto kabakiza sindano moja, Jumatatu ijayo. Nimeshampigia mama yake mara mbili. Jumapili jioni nitampigia tena.

Muuguzi, chumba cha sindano