Ukibadili tairi, angalia na difu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenzangu wenye magari ya 4x4, hasa wale walio mbioni kuvalisha gari tairi kubwa za matope. Naona watu wanahangaika na injini, wanabadili nozeli, wanapima pampu, wanalaumu mafuta mabaya, mpaka fundi analaumiwa bure, kumbe shida iko kule chini kwenye difu, lile sanduku la gia kwenye ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, na hakuna hata mmoja aliyewaza kuiangalia.

Gari ikitoka kiwandani imeshapigiwa hesabu yake, injini, giaboksi, difu na kimo cha tairi vyote vimepangwa viendane, sasa wewe ukibadili kimoja lazima ujue umegusa na vingine. Resho ya difu ni meno ya kraun, ile gia kubwa ya ndani ya difu, ukigawa kwa meno ya pinio, ile gia ndogo inayoizungusha, basi. Kraun ina meno 37 na pinio 9 unapata 4.11, resho ambayo Land Cruiser nyingi zimekuja nayo, yaani propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, inazunguka mara nne na kidogo ndo tairi izunguke mara moja. Namba ikipanda gari inapata nguvu ya kuvuta ila injini inazunguka zaidi, ikishuka ni kinyume chake. Tairi kubwa inafanya kazi ileile ya kushusha hiyo namba bila wewe kufungua boliti hata moja, ni sawa na kumpa mtu baiskeli halafu gia imekwama kwenye ile ngumu kabisa, atakwenda lakini mlimani utamuonea huruma.

Tupige hesabu. Tairi ya 265/70R16 ina kimo cha kama milimita 777, ile ya 315/75R16 ambayo wengi wanaitamani ina kama 879. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata 1.13, kwa hiyo difu yako ya 4.11 sasa inavuta kama 3.64. Kurudi ulipokuwa unazidisha, 4.11 mara 1.13 ni kama 4.65, na hiyo namba huikuti kirahisi, utakayoikuta ni 4.56 au 4.88. Hapa ndo ubishi unapoanzia, na hapa ndo watu wanachagua kwa kusikia, fulani kaweka 4.88 na mimi naweka, fulani kasema 4.88 gari inalia sana barabarani basi naogopa.

Usisikie, pima. Chukua spidi unayoendesha siku zote, tuseme 100 kwa saa, na giaboksi ambayo gia ya tano ni 0.85, yaani injini inazunguka mara 0.85 propela ikizunguka mara moja. Na tairi za kiwanda na 4.11 injini ilikuwa inazunguka kama 2,380 kwa dakika. Weka tairi kubwa uache difu ileile, inashuka mpaka 2,110, unaona kama umepata faida lakini kama nguvu ya injini yako inaanza kuamka juu ya hapo basi kila kamlima unarudi gia ya nne. Weka 4.56 inakuwa 2,340, weka 4.88 inakuwa kama 2,500. Yaani hiyo 4.88 inayotishia watu imezidi ya kiwanda kwa mizunguko 120 hivi tu, huko kulia sana kunatoka wapi?

Tena hesabu hiyo imeangalia kimo peke yake. Tairi kubwa ni nzito na uzito wake mwingi uko mbali na kitovu, kuizungusha mpaka ishike kasi na kuisimamisha vyote vinataka nguvu, halafu mtu akishaweka tairi hizo anainua na gari, anafunga bampa la chuma, winchi, keria juu, upepo nao unampinga zaidi. Jeep wenyewe walipoitoa Wrangler Rubicon ya 2021 na tairi za inchi 35 hawakuacha 4.10 iliyokuwa inakuja na tairi za inchi 33, waliweka 4.56, wakati hesabu tupu ya kimo ingewapa kama 4.35. Sasa kama waliotengeneza gari wamepita juu ya hesabu, wewe unayebeba mizigo unabakije chini yake?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, ukijikuta katikati ya resho mbili na gari yako ni nzito, au ni otomatiki, au inaishi milimani, chukua namba kubwa. Kama gari ni nyepesi, injini ina nguvu za kutosha na safari zako nyingi ni lami ndefu tambarare, ile ndogo inakutosha. Na kama umepanda kidogo tu, mfano kutoka 265/70 kwenda 265/75 kwenye rimu ileile ya 16, hiyo ni kama asilimia 3 na nusu, acha difu ilivyo, usitafute kazi. Ila msiende mbali kupita kiasi pia, maana kadiri namba inavyopanda pinio inakuwa ndogo na meno yanapungua, 4.88 nyingi zina meno 8 kwenye pinio, na ukifika 5.29 ya 37 kwa 7 meno yanayoshikana kwa wakati mmoja ni machache na difu haiwezi kuwa imara kama mwanzo.

Wenye otomatiki naomba mnisikilize zaidi kwa sababu nyie ndo mnaoumia kimyakimya. Mwenye manyuo klachi itamnukia atajua. Otomatiki inahangaika tu kupandisha na kushusha gia, torku konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inachelewa kujifunga, oili ya giaboksi inachemka, na oili ikiungua giaboksi imeanza kufa hata kama wewe unaona gari inatembea.

Kuhusu mafuta pia kuna kitu kinachanganya watu. Ukiweka tairi kubwa spidomita inadanganya, ikikuonyesha 100 unaenda 113 kwa mfano wetu wa juu, na kilomita zinazohesabiwa ni pungufu kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ukigawa kilomita kwa lita unaona gari imekuwa mlafi kuliko ukweli wenyewe. Rekebisha hizo kilomita kwanza ndo ulalamike. Na ukiwa na spidomita ya kudanganya unavunja sheria ya spidi bila kujua, huku breki zilezile za kiwanda zinasimamisha tairi nzito zaidi, na difu hata uifanyeje haibadilishi uwezo wa breki.

Kingine, ukibadili badili mbele na nyuma. Nyuma 4.88 mbele 4.11 halafu ukaingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu, ekseli mbili zinavutana na kitu kitapasuka, transifa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) au propela. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina shida, zaidi ya hapo hapana. Na kuna ekseli ambazo kraun mpya haikai kwenye keji ya zamani, ile nyumba inayobeba kraun, Dana 44 kwa mfano keji ya 3.73 kushuka chini siyo ile ya 3.92 kwenda juu, uliza kabla hujaagiza.

Kazi ya kufunga siyo ya kila fundi, anatakiwa apime kina cha pinio kwa shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi), mkazo wa beringi, nafasi kati ya meno, na apake rangi kwenye meno aone yanagusana wapi. Akikwambia anasikiliza kwa sikio tu mshukuru uondoke. Ikishafungwa endesha taratibu kama kilomita 30 hivi uache ipoe kabisa, rudia hivyo safari kadhaa, usivute trela mwanzoni, na ukifika kama kilomita 800 mwaga oili ya difu uweke mpya, utaona mwenyewe unga wa chuma.

Kwa anayenunua gari ambayo tayari ina tairi kubwa, usiamini mdomo. Weka gari nyutro, zuia tairi zilizobaki chini kwa mawe, toa hendibreki, inua tairi moja ya nyuma peke yake, uizungushe mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela. Kama difu ni ya kawaida isiyo na loku ya kufunga tairi mbili zizunguke pamoja, propela ikizunguka mara nne na kidogo una 4.11, ikikaribia tano una 4.88.

Na nyie mnaobadili, fundi akimaliza mwambieni agonge resho mpya kwenye kibati ndani ya boneti, kwa sababu kibati cha kiwanda kitaendelea kuonyesha resho ya zamani na atakayekuja kuinunua gari hiyo, siku kraun ya mbele ikiharibika, ataagiza kwa kufuata kibati, atafunga, ataingiza 4x4.

Msomaji wenu.