Salamu za Krismasi kutoka soko la Kibuye

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nawasalimu kutoka hapa Kisumu katika jina la Yesu. Ninyi mlio njiani kutoka Nairobi, mnaopita Mau Summit na kuteremka Kericho hadi Awasi na Ahero, Mungu awafikishe salama. Najua nauli imepanda kama kila Desemba, na wengine mnaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Njooni hivyo hivyo. Mama anataka kuwaona ninyi.

Nina neno moyoni mwaka huu, na lilianzia kwenye omena, wale dagaa wa ziwani ninaowauza sokoni.

Mwezi wa Oktoba nilinunua omena mbichi Dunga, kwa wavuvi wa ufuoni, kwa pesa niliyokopa kwenye chama chetu cha akiba, nikaianika kwenye neti. Anayeijua kazi hii anajua kwamba jua kali la siku moja linatosha: omena inang'aa kama fedha, na ukiifinya inakatika kwa mlio. Saa nane mawingu yakatanda kutoka upande wa ziwa. Kabla sijakusanya hata nusu, mvua ikashuka, ikanyesha mpaka alfajiri. Kulipokucha omena ilikuwa imelegea na kugeuka rangi. Ikifika hapo haiendi tena jikoni kwa mtu. Huuzwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Nililia, sitawaficha. Jioni nilikaa kizingitini, sikuweza kuimba wala kuomba. Jirani yangu wa sokoni, mjane mwenye watoto wanne, akaja na gorogoro (mkebe wa kupimia) ya unga, akaiweka chini, akaketi kando yangu. Hakunihubiria. Tulikaa kimya mpaka giza likaingia, kisha akasema, "Nyamera (yaani dada yangu), leo tuna unga." Tukasonga ugali, tukala na osuga, mboga ya mnavu. Sala ya chakula aliisema yeye, maneno manne tu: Bwana, asante kwa unga. Nimekesha kanisani mara nyingi maishani, lakini sikumbuki sala iliyonishika kama ile.

Tangu siku hiyo naisoma Luka sura ya 2 kwa macho mengine. Wachungaji wale waliona utukufu wa Bwana usiku, wakaenda mbio hadi Bethlehemu, wakamkuta mtoto amelazwa horini. Halafu Luka anasema walirudi. Walirudi wapi? Kwa kondoo wale wale, kwenye baridi ile ile. Hakuna aliyepewa shamba wala aliyefutiwa deni. Lakini walirudi wakimtukuza Mungu, na hapo ndipo ninaposimama kila ninapoisoma, kwa sababu mimi nami nilirudi kwenye neti zile zile.

Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, Mariamu na Yusufu wanakwenda hekaluni. Torati, katika Walawi 12, ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo na ndege mmoja. Asiyeweza kupata mwanakondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu. Bwana wetu aliletwa mbele za Mungu kwa sadaka ya watu wasio na kitu, na Mungu akaipokea. Enyi mama mnaohesabu sarafu za sadaka kabla ya kutoka nyumbani, lishikeni hilo.

Naye Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Amejifunza! Hakuzaliwa nako kuridhika huko, basi tusijihukumu tukichelewa.

Sisemi tuache kujitafutia. Januari karo inatungoja, na deni la chama nalilipa kidogo kidogo. Wavuvi wa Dunga wanajua kwamba kwenye bei sitanii. Lakini nimeshafanya kazi hii nikiitazama meza ya jirani yangu, nikihesabu wateja wake kuliko wangu, na ninaifanya sasa roho ikiwa imetulia. Mzigo ni ule ule. Usingizi ndio umebadilika.

Basi Krismasi hii, kama huna nguo mpya za watoto, fua zile za zamani, zipige pasi, uwalete kanisani mapema wakae mbele. Asiyepata kuku aje kwangu: kutakuwa na omena iliyooshwa kwa maji moto, ikakaangwa na kitunguu na nyanya, na chapati za kutosha. Jirani yangu yule ameshasema atasali yeye kabla ya chakula.

Na tarehe 27 alfajiri mtanikuta Kibuye, mezani pangu, nikipima. Pita unisalimu.

Krismasi njema, wapendwa, na heri ya mwaka mpya.