Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Miwani 6, wanafunzi 64

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Ninakuandikia kutoka Tanga. Ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata, mwaka wa kumi na moja sasa nikishika chaki. Najua utaratibu: barua ya mwalimu huanzia kwa mkuu wa shule, ikapanda kwa afisa elimu, ikaendelea hadi inapofika. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu jambo lenyewe si la shule yangu peke yake, na ningependa walimu wenzangu walisome, wanirekebishe nilipokosea na waongeze nilipopunguza.

Nazungumzia miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo mtu akiivaa anajiona yuko ndani ya kitu kisichokuwepo mbele yake. Nazungumzia pia ndugu yake, uhalisia ulioongezewa, ambapo unaelekeza kamera ya simu au kishikwambi mezani na moyo wa binadamu unaonekana ukidunda juu ya daftari. Vyote viwili vimeanza kubisha hodi mashuleni, mara nyingi kwa mkono wa wafadhili. Na mtaala ulioboreshwa, tulioanza kuutekeleza Januari 2024, unatutaka tujenge umahiri, mwanafunzi atende na aone, asikariri tu. Mimi naupokea wito huo kwa moyo wote. Kwa hiyo barua hii usiisome kama ya mtu anayeikataa teknolojia. Nimeiona ikifanya kazi ambayo ubao haukuwahi kunifanyia, na nitaieleza.

Kwetu ilifika miwani 6. Kulikuwa na hafla, turubai, spika, na picha nyingi zilipigwa. Mfadhili simtaji, nia yake ilikuwa njema. Mafunzo yalichukua saa mbili za mchana, walimu tisa tukipokezana, kila mmoja akaona papa anapita kichwani kwake, tukashangilia. Kisha mtaalamu akapanda gari akaondoka, sisi tukabaki na boksi.

Wiki mbili baadaye niliingia nayo Kidato cha Pili, mada ya usafirishaji wa vitu mwilini. Mkondo wangu una wanafunzi 64. Nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Naomba tupige hesabu pamoja, Mheshimiwa. Kumvisha mtoto miwani na kuirekebisha imkae: dakika 2. Kuutazama moyo kwa ndani: dakika 4, na hapo namharakisha. Kuivua, kufuta sponji na vioo kwa ajili ya mwenzake: dakika 1. Hizo ni 7. Kwa miwani 6, watoto 64 wanahitaji mizunguko 11, yaani dakika 77. Zinabaki dakika 3 za kufundisha.

Siku hiyo miwani moja iligoma kuwaka. Kwa miwani 5 mizunguko inakuwa 13, dakika 91. Kengele iligonga watoto kumi na wanne hawajaigusa. Walinitazama tu, na yule wa mwisho kwenye foleni akaniuliza kama kesho ataanza yeye. Kesho yake kipindi hicho kilikuwa cha Hisabati.

Na hapo nimehesabu muda tu. Februari ya Tanga unaijua. Darasa letu lina bati juu na halina feni. Mtoto wa tatu alipovua miwani, sponji ilikuwa imelowa jasho, na vioo vilikuwa vimeingia ukungu. Nilikuwa na pakiti moja ya vitambaa vya spiriti, ikaisha kabla ya nusu ya darasa. Wasichana wengi wanavaa ushungi, na mkanda wa miwani ulikuwa ukiteleza juu ya kitambaa, basi kila mmoja akaishikilia kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la uji wa moto. Mtu aliyeshika miwani kwa mikono miwili hana mkono wa kushika kile kidude cha kuendeshea picha, kwa hiyo mwenzake alimbonyezea, naye akazungushwa asikotaka kwenda. Yeyote aliyeibuni hakumfikiria mtoto wa kike wa Pwani, na hilo liliniuma kuliko foleni.

Mvulana mmoja alishikwa na kizunguzungu, akashika ukuta, jasho jembamba likamtoka. Sababu inajulikana: macho yanauambia ubongo kwamba mwili unasafiri, huku sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, likisema mwili umekaa palepale. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, kichefuchefu hufuata. Dawa ni kumvua, kumkalisha na kumpa maji. Lakini nikiwa na huyo mmoja, hao wengine sitini nawaachia nani?

Kuna tatizo jingine ambalo sijaona likizungumzwa, nalo kwangu ndilo kubwa. Mtoto akishavaa miwani, mimi mwalimu sioni anachokiona. Ananiambia, "Mwalimu, hiki chekundu ni nini?" Namuuliza kipi. Ananyoosha kidole hewani. "Hiki hapa." Hapa wapi? Ipo njia ya kurusha picha ya ndani ya miwani kwenye skrini ili wote waone, ila inahitaji mtandao usiotumia waya (Wi-Fi) na projekta, na shuleni kwetu projekta ni moja, inagombaniwa na idara zote. Ualimu wangu wote umejengwa juu ya kuona anachokiona mwanafunzi, nikajua amepotea wapi. Miwani ile inanifungia nje ya mlango.

Sasa nikueleze nilichokiona kizuri, maana bila hicho nisingeandika. Siku mbili kabla nilipita buchani Ngamiani, nikanunua moyo wa ng'ombe, nikaupasua mbele ya darasa. Wote 64 walitia vidole, wakaona kwamba ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chemba ya chini ya moyo, ni mnene kuliko wa kulia. Lakini vile vilango vya moyo, yaani vali, kwenye moyo uliokufa ni vijitambaa tu vilivyolegea. Nilivieleza, nikavichora, nikaona nyuso zimefumba. Kisha kwenye miwani, binti mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono alikaa kimya kwa muda, halafu akasema kwa sauti, bado amevaa: "Kumbe mlango haufungwi na kitu! Damu yenyewe ikitaka kurudi ndiyo inausukuma, unafunga." Mheshimiwa, hiyo sentensi nimehangaika nayo miaka kumi na moja. Yeye aliipata kwa dakika 4.

Kutokana na siku ile nimeshika msimamo: kinachoshikika, tukishike. Moyo wa ng'ombe, ua la mbaazi, maji ya dimbwi chini ya hadubini, hivyo havihitaji miwani. Miwani ibaki kwa kile ambacho mkono haufiki na safari haiwezekani.

Na kwa hapa Tanga vitu hivyo ninavyo vingi. Nikifundisha mabadiliko ya viumbe, namtaja silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu wamewanasa kwenye majarife, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapahapa kwetu. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja anashusha samaki kwenye soko la samaki la Deep Sea kila alfajiri, lakini mtoto mwenyewe silikanti amemwona kwenye picha iliyofifia ya fotokopi. Samaki huyo anaishi kwenye miamba ya kina kirefu, hakuna mwalimu atakayewapeleka watoto huko. Hapo ndipo miwani ina kazi! Yale mapezi yake yenye nyama, yanayochezacheza kama viungo vya mnyama wa nchi kavu, mtoto akiyaona yakizunguka mbele ya uso wake, nusu ya mada nimeshaimaliza. Mapango ya Amboni yako mwendo wa bajaji tu, na bado wengi darasani kwangu hawajawahi kuingia, kwa kuwa nauli na kiingilio kwa watoto 64 si jambo dogo. Mwalimu wa Jiografia angewaonyesha jinsi maji yanavyolila jiwe la chokaa tone kwa tone. Hata korona ya mkonge, mashine inayokamua jani likabaki katani, watoto wa mjini hawaijui, ilhali ndiyo iliyoujenga mkoa huu.

Lakini ndani ya miwani tuliyopewa hakuna hata kimoja cha kwetu. Kuna miji ya Ulaya, kuna anga za juu, kuna bahari ambayo sijui ni ipi. Sauti inazungumza Kiingereza cha haraka, cha mtu asiyejua kwamba msikilizaji wake alikuwa akisoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwaka juzi. Hakuna kitufe cha kumpunguza mwendo.

Na hata hayo yaliyomo si yetu kuyatunza. Dunia ilishapata funzo hapo. Mwaka 2015 Google walianzisha Expeditions, safari pepe za darasani, walimu wa nchi nyingi wakaandaa masomo juu yake. Tarehe 30 Juni 2021 programu hiyo ikafungwa. Kampuni ina haki ya kufunga duka lake. Shule ndiyo haitakiwi kujenga somo juu ya kitu ambacho mwenye nacho anaweza kukizima akiwa bara jingine.

Niseme kidogo kuhusu kazi isiyoandikwa mahali popote. Usiku wa kuamkia somo lile miwani ililala nyumbani kwangu, ikichajiwa kwa umeme wa LUKU ya kwangu, maana ofisini soketi ni mbili na moja ni ya fotokopi. Kila miwani ilipowashwa ilidai sasisho kabla ya kufanya lolote. Bando nililonunua la wiki liliisha kabla ya saa nne usiku, nikanunua jingine. Nililala saa nane. Sidai fidia, Mheshimiwa. Ninachosema ni kwamba gharama ya kifaa hiki haiishii kwenye boksi. Kuna saa za kuandaa, chaji, bando, vitambaa vya kufutia, kabati lenye kufuli, fundi wa kukifufua kinapogoma. Yote hayo yasipoandikwa kwenye bajeti, hayatoweki, yanahamia kwa mwalimu. Na mwalimu akishindwa kuyabeba, boksi linarudi kabatini, ndipo inasemwa kwamba walimu wanaogopa teknolojia. Yetu sasa ipo kabatini. Naitoa mara moja kwa muhula.

Kwa hiyo naomba Wizara iwe na mwongozo mmoja wa kupokea vifaa hivi, wenye nguvu ya kumwambia mfadhili "bado" kama hajaonyesha nani atavitunza kwa miaka mitatu, maudhui yanafanyaje kazi bila intaneti, na yanaingia mada ipi ya muhtasari wa somo. Mafunzo yasiwe ya mchana mmoja. Tunayo MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo tunakaa walimu wa somo moja na kutatua mada ngumu. Hapo ndipo pa kujifunzia miwani, tukiwa na andalio la somo mezani, tena kwa kurudia.

Naomba pia tuanze na tulichonacho mkononi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 waligawiwa walimu, na baadhi yetu tunavyo hadi leo. Moyo wa vipimo vitatu unaogeuzwa kwa kidole kwenye kishikwambi hauna kizunguzungu wala jasho, wanautazama watoto sita kwa pamoja wakibishana, na mimi naona wanachokiona. Kwa darasa la 64 hilo lina faida kuliko miwani 6. Taasisi ya Elimu Tanzania ikiwa na maktaba ya maumbo kama hayo, yenye maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, ya kupakuliwa mara moja yakakaa, ingetufaa nchi nzima. Na kamera ya kupiga picha za pande zote ni kifaa cha kubebeka mkononi. Wapewe vijana wa vyuo vyetu kazi ya kuingia Amboni, kwenye korona, na kwa wataalamu wa hifadhi ya silikanti, walete picha nyumbani.

Jambo la umri lisisahauliwe. Mtengenezaji mmoja mkubwa, Meta, alianza kwa kusema miwani yake ni ya kuanzia miaka 13, na mwaka 2023 akashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Shuleni mzazi hayupo. Akaunti hufunguliwa kwa jina la nani? Miwani hiyo ina kamera, inasoma mwendo wa kichwa na wa mikono ya mtoto. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naomba Wizara ituambie kwa maandishi mwalimu afanye nini, mzazi atie sahihi wapi, na kuanzia darasa la ngapi.

Mheshimiwa, mada ya moyo nitaifundisha tena mwakani, Februari, na joto litakuwa lilelile. Nakukaribisha. Njoo siku ya kawaida isiyo na turubai wala spika, ukae dawati la nyuma, uingie kwenye foleni kama wao. Zamu yako ikifika nitakuvisha miwani, nami nitakuomba uniambie unaona nini, maana mimi nitakuwa nje.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Tanga